Picha za Kufundishia Usalama wa Kazi

Mtu akikuonyesha picha ya ajali, jambo la kwanza utakalotaka kujua ni nani aliyeumia, na la pili ni kama alipona. Liko swali la tatu ambalo aghalabu haliulizwi, nalo ndilo lenye manufaa kwa mtu mwingine atakayeishika mashine ile kesho: kabla ya ajali, mahali pale palikosa nini, hata mkono ukafika usipotakiwa kufika? Insha hii ni juu ya swali hilo la tatu, na juu ya picha zinazoweza kulijibu, na juu ya ruhusa ya kuzitumia.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu kilichoko nyanda za juu, mahali ambapo karibu kila boma lina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa zizini. Pamoja na somo langu, nimepewa kazi ya kuwafundisha wanachuo usalama wa karakana, wa jiko la shule na wa shamba la shule, ili nao waende wakawafundishe wanafunzi kama wewe. Kwa kazi hiyo chuo chetu kina sanduku la picha. Zaletwa na watu wa kila namna: waliokuwa wanachuo wetu, mafundi seremala, wapishi wa shule, waashi. Huyu ametuletea picha ya ngazi iliyofungwa kwa kamba pale ilipovunjika. Yule ametuletea ya waya wa umeme uliopita juu ya beseni la maji. Nazipenda picha hizi kuliko mabango mazuri ya kununuliwa. Katika mabango yale utamwona mtu mwenye kofia ngumu nyeupe pe, glavu mpya, na viatu visivyojua vumbi, amesimama mbele ya mtambo ambao haupo katika wilaya yetu. Mwanachuo mmoja aliitazama picha ya mtu huyo kwa makini, kisha akasema, "Huyu, Mwalimu, hajaanza kazi bado." Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, maana alisema kweli.

Lakini ziko picha nyingine zinazoletwa kwetu ambazo haziingii sandukuni. Ni picha za damu. Wanaozileta wana nia njema. Hudhani kwamba kijana akiona kidole kilichokatika ataogopa, na akiogopa atajihadhari. Mimi nimewatazama vijana wanapotazama picha kama hizo. Wengine hufumba macho, wengine hucheka kicheko cha hofu, na wengine huomba waonyeshwe tena. Aliyefumba macho hakuuona mkanda wa mashine uliokuwa wazi nyuma ya mkono. Aliyecheka hakuuona pia. Hofu waliyoipata ilikuwa kubwa, lakini haikuwaambia wafanye nini. Juma moja likiisha, hofu huondoka na mkanda hubaki wazi.

Ili wanachuo wauone ugumu wa jambo hili, huwaonyesha kazi ya mwalimu mwenzetu wa zamani. Lewis Hine alikuwa akifundisha katika shule moja ya mji wa New York, huko Marekani, na alianza kupiga picha akiwa mwalimu. Mwaka 1908 aliacha darasa akaajiriwa na Kamati ya Taifa ya Kazi ya Watoto, akaenda katika viwanda vya pamba, katika migodi ya makaa ya mawe na katika viwanda vya kusindika samaki, kuwapiga picha watoto waliokuwa wakifanya kazi humo. Wenye viwanda hawakupenda. Basi pengine alijifanya muuza Biblia, pengine muuza kadi za posta, pengine mkaguzi. Kwa kuwa hakuweza kuwapima watoto kwa kijiti mbele ya msimamizi, alijua kimo cha kila kifungo cha koti lake kutoka chini, na mtoto akisimama karibu naye alijua urefu wake. Jambo hili huwafurahisha sana wanachuo wangu, na mimi sioni vibaya wakifurahi, maadamu wanakumbuka kwa nini alifanya hivyo.

Miongoni mwa picha zake kuna moja ya mwaka 1912, ya mvulana wa North Carolina aliyepoteza vidole viwili katika kiwanda cha kusokota nyuzi. Mvulana amesimama nje, anatutazama, anauonyesha mkono. Kinachotufundisha ni maneno aliyoyaandika Hine pamoja na picha: kipande cha mashine kilimwangukia mtoto mguuni, akapepesuka juu ya mashine ya kusokotea, na mkono wake ukaingia katika magurudumu ya meno yasiyokuwa na kifuniko. Soma sentensi hiyo mara mbili, msomaji. Ajali ilianzia mguuni, haikuanzia mkononi. Na kifuniko kingalikuwapo, mvulana angaliumia mguu tu. Picha bila maneno yale ingalikuwa huzuni tupu. Kwa maneno yale ni ushahidi.

Picha hizo zilichapwa katika mabango na majarida, na zikaonyeshwa ukutani kwa taa katika mikutano. Hazikuleta mageuzi kwa siku moja. Sheria ya kuzuia kazi ya watoto ilipitishwa huko Marekani mwaka 1916, ikatanguliwa na Mahakama Kuu mwaka 1918, na sheria iliyosimama ilipatikana mwaka 1938. Mwaka 1954 Kamati ile ilizitoa picha kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, zaidi ya 5,000, na leo mwalimu wa mahali popote aweza kuzitumia bila malipo. Hilo ndilo tendo la kushirikiana ambalo mimi nafaidika nalo kila mwaka. Walakini wanachuo wangu wa siku hizi huuliza swali ambalo pengine halikuulizwa mwaka ule: Je, mvulana yule aliulizwa? Mimi huwaacha wabishane. Wako wasemao kwamba faida ilikuwa kubwa kuliko aibu. Wako wasemao kwamba faida ilikuwa ya wengine na aibu ilikuwa yake.

Ubishi huo ulikuwa wa vitabuni kwangu mpaka ulipofika jirani.

Yuko mzee mmoja karibu na chuo, mfugaji, mtu mrefu, mpole, mcheshi. Kama wengi wetu hapa, ana mashine ya kukatia majani. Ikiwa hujapata kuiona, nitakueleza. Mabingobingo hulazwa katika hori la bati au mbao na kusukumwa mbele. Hapo vyuma viwili vya mviringo vyenye meno huyashika majani na kuyavuta ndani, na visu vilivyofungwa katika gurudumu kubwa huyakata vipande vipande. Zile za zamani huzungushwa kwa mkono. Za sasa nyingi huzungushwa kwa mota na mkanda. Hatari yake haiko katika visu peke yake, kama watu wanavyodhani. Hatari iko pia katika vile vyuma viwili, kwa kuwa havijui tofauti ya jani na kidole. Vikishika havitoi, huvuta. Na mtu aliyeshikwa mkono hawezi kufikia swichi iliyoko ukutani nyuma yake. Jioni moja mzee yule alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Alipofikishwa kutibiwa, mtu fulani aliyekuwapo mlangoni alimpiga picha kwa simu. Uso haukuonekana, ulionekana mkono, na mkono wa shati, na damu. Kabla ya usiku kuingia picha ile ililetwa kwangu na watu watatu wasiojuana, kila mmoja akisema, "Mwalimu, hii itakufaa darasani." Binti wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliiona ndani ya matatu, katika simu ya abiria aliyeketi mbele yake. Hakuwa amepata habari bado. Alimtambua baba yake kwa shati, kwa sababu kifungo cha mkono wa shati hilo alikishona yeye mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine.

Tafakari jambo hilo, msomaji, kwa sababu watu husema kwamba ukiuficha uso umemficha mtu. Jamaa zake hawamjui kwa uso tu. Wanalijua shati lake, saa yake, kovu lake, ukuta wa banda lake. Tena simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa na saa ilipopigwa, na anayeipokea aweza kuyasoma hayo hata kama macho yake hayaoni uso.

Sikuiweka picha ile sandukuni. Nilipita miezi miwili, kisha nikaenda kumjulia hali. Tulikunywa chai. Nilipomwambia kwamba nilitaka kuzungumza naye juu ya picha, aliweka kikombe chini.

"Ile naijua, Mwalimu. Nimeonyeshwa mara nyingi kuliko nilivyomwona daktari."

"Sikuja kuiomba ile, Mzee," nilisema. "Nimekuja kuuliza kama kuna jingine ambalo ungependa vijana waonyeshwe."

Alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikafikiri nimemwudhi. Kisha akasema, "Ile haionyeshi mashine. Haionyeshi nilisimama wapi. Yaonyesha damu tu, na damu ya mtu na damu ya ng'ombe katika picha ni moja. Ukitaka kufundisha watoto, njoo upige mashine. Mkono wangu nitauleta mwenyewe, siku nitakapotaka."

Nataka ujue kwamba kuomba ruhusa kwa mzee huyu hakukuwa hisani yangu kwake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 28, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na katika kifungu cha 31 yamlinda mambo yake ya faragha yasitangazwe bila sababu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeongeza nguvu hapo, na habari za mtoto zataka idhini ya mzazi au mlezi wake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951, yamtaka mwajiri awafundishe wafanyakazi wake, azifunike sehemu za mashine zinazozunguka, na akifiwa na mfanyakazi kazini ampashe habari afisa wa usalama katika saa 24. Kwa hiyo ajali si siri ya kufichwa, na mtu aliyeumia si mali ya kutangazwa. Mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja, ingawa yataka subira ya kunywa chai na watu.

Na haja ya kufundisha ni kubwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na maradhi yatokanayo na kazi, na wengi wao kwa maradhi. Hapo picha yashindwa. Nimejaribu kupata picha ya vumbi la timbo linavyoingia katika mapafu ya mchonga mawe, nikapata picha ya mtu aliyepakwa unga tu. Kelele nazo hazipigiki picha. Lakini mashine isiyo na kifuniko yapigika vizuri sana.

Basi tulikwenda bandani. Kabla ya jambo lolote mzee aliitoa plagi ukutani, akaiweka juu ya debe mbele yetu ili sote tuione. Nakuomba ulishike hilo ikiwa wewe nawe una simu na wataka kutuletea picha. Nimepata kuletewa picha ya kijana aliyepanda paa bila kamba ili apigwe picha ya mtu aliyepanda paa bila kamba, na nikairudisha. Anayepiga naye hupenda kurudi nyuma hatua moja ili kitu kizima kionekane, na nyuma yake yaweza kuwa na shimo. Piga mashine ikiwa imezimwa. Usipige kwa karibu tu; rudi mbali, baada ya kutazama nyuma, ili paonekane mtu asimamapo, mwanga utokapo, na swichi ilipo. Andika siku ile ile, usingoje kesho: kitu gani kilikosekana, na kilikosekana tangu lini.

Tangu lini? Nilipomwuliza mzee hivyo juu ya hori, ambalo lilikuwa fupi mno, alicheka kidogo. Mashine ilipoletwa haikupita mlangoni. Badala ya kuubomoa mlango, waliolileta walilikata hori. Lilikuwa refu kuliko mkono wa mtu, na kwa urefu ule kiganja kisingaliweza kuvifikia vile vyuma. Likawa fupi kama urefu wa kitabu cha atlasi. Msumeno ulikata bati miaka sita kabla ya vyuma kukata vidole. Nilipiga picha nne, na mzee akachagua moja ambayo ndani yake hayumo. Alitaka jina lake na la kijiji lisiandikwe, picha isitumwe kwa simu za watu bila yeye kuulizwa, na siku atakayotaka irudishwe, irudishwe. Niliyaandika hayo nyuma ya picha, tukatia sahihi wote wawili, yeye kwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa ukijifunza kuandika.

Darasani niliiweka ukutani, sikusema neno ila, "Mnaona nini?" Hiyo ndiyo njia yangu, nami siisifu kuwa bora, ni kwamba mwalimu akianza kueleza, macho ya wanafunzi huhama kutoka katika picha na kuja mdomoni mwake. Waliona mkanda usiofunikwa. Waliona swichi iko mbali. Kijana mmoja aliona kwamba dirisha liko nyuma ya mtendaji, kwa hiyo kivuli chake mwenyewe humwangukia mkononi jioni. Hilo mimi sikuwa nimeliona. Hori fupi waliliona mwishoni, nikawasomea maneno ya nyuma ya picha, na nilidhani somo limekwisha.

Msichana aliyeketi nyuma aliuliza, "Na kigoda, Mwalimu, ni cha nani?"

Tulitazama. Chini ya mdomo wa hori palikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Kijana mmoja alijibu kwamba ni cha kukalia. Msichana akasema hapana, mtu akikaa pale magoti yake yatagonga hori. Na mzee, kama nilivyowaambia, ni mtu mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu kilikuwapo kama hicho. Nilikuwa nakipanda, ili nifike."

Hakuna aliyecheka wala aliyesema kitu. Nilimwuliza alikuwa na umri gani. Alisema miaka minane.

Jioni ile sikwenda nyumbani kwanza. Nilipitia kwa mzee. Nilimwambia yale aliyoyasema msichana, bila kumtaja. Hakunijibu. Alimwita mwanawe wa mwisho, mvulana wa miaka tisa, akamwuliza, "Wewe, kile kigoda cha bandani huwa unakipanda?" Mtoto hakumtazama baba yake, alimtazama mama yake. Mama naye alitazama chini. Wakati mzee alipokuwa akiuguza mkono, ng'ombe walikuwa wakila kila siku, na mimi sikuwa nimejiuliza, wala jirani yeyote hakujiuliza, nani aliyekuwa akikata majani.

Baada ya majuma mawili mzee alinipigia simu. Mlango wa banda ulikuwa umebomolewa upande mmoja na kupanuliwa. Hori jipya limefungwa, refu kuliko mkono wake, na fundi ameufunika mkanda kwa wavu wa chuma. Alitaka nije nipige picha ya pili. Ile ya kwanza hakutaka iondolewe. Alitaka zikae pamoja katika sanduku, na kwamba shule nyingine zikiziomba wapewe zote mbili, isiwe moja. Juu ya kigoda hakusema neno. Lakini nilipofika nilikiona jikoni, mkewe amekikalia, anamenya viazi.